Tunda la Kulainisha Nyama

Mwatime alifunua bakuli, akatia vidole, na nyama haikushikika.

Jana jioni aliiweka humo ikiwa vipande vyembamba, amevikata mwenyewe kwa kisu cha mkate kwa sababu kile kingine ni butu. Asubuhi hii palikuwa na rojo la kahawia linalonuka thaumu na soya. Alichota kwa kijiko. Rojo likaning'inia kidogo, likarudi bakulini.

"Layla," aliita, bila kupaza sauti. "Hebu njoo unitazamie kitu."

Layla alikuwa sebuleni anatandika mashuka juu ya zulia, watu wapate pa kukaa. Alikuwa Mzanzibari, rafiki wa Mwatime tangu walipokuwa wakisafisha vyumba vya hoteli pamoja, na tangu Habib, mwana wa Mwatime, afariki ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba ile: kupokea simu ni yeye, kuosha vyombo ni yeye, kumkumbusha mwenziwe kula ni yeye. Akaja na pini ya mtandio mdomoni, akachungulia bakuli.

"Umetia nini humu?"

"Papai."

"Bichi?"

"Bichi."

"Kiasi gani?"

"Lote."

Layla akaitoa pini mdomoni. "Papai zima, kwa vinyama vyembamba vile, tangu jana. Mama Habib, hata kiatu kingeyeyuka humo."

Mwatime aliendelea kukoroga polepole, kama kwamba vipande vimejificha chini na vitatokea akivitafuta kwa adabu.

Ilikuwa siku ya arobaini ya mwanawe. Watu wangekuja baada ya adhuhuri, wasome hitima, wale, waombe dua, wavae viatu vyao waende zao, na kesho yake kila mtu angerudi kazini akijua jambo limefungwa. Ndivyo arobaini zilivyo, Annandale huku Virginia au Likoni kule pwani. Pilau ilikuwa jikoni kwa Layla, ghorofa ya chini, na hakuna aliyemtaka Mwatime apike hata chai. Lakini yeye aling'ang'ania apike kitu kimoja kwa mkono wake. Walimwacha kwa sababu mtu aliyefiwa na mtoto wa pekee huachwa afanye atakalo, mradi asijidhuru.

Kwao Likoni marehemu hutolewa sadaka kile alichokuwa akikipenda. Babu yake alitolewa kaimati. Shangazi yake, ambaye miaka yake ya mwisho hakuwa akitafuna kitu isipokuwa tambuu, walimtembezea tambuu matangani, na watu wakazitafuna wakicheka na kulia. Ni watu wapate kula, thawabu zimfikie marehemu mwenyewe. Sasa Habib, kijana wa miaka kumi na saba aliyekulia Virginia, alikuwa akipenda nini? Si kaimati. Si mahamri, ingawa alikuwa akiyala. Alichokipenda Habib kuliko vyote ni nyama ya Kikorea ya nyumbani kwa rafiki yake Jun, ile wanayoiita bulgogi. Ni ng'ombe, amekatwa mwembamba wa kuona mwanga, akalazwa kwenye viungo, kisha akakaangwa haraka kwenye kikaango chenye moto mkali.

Mwatime hakuwahi kuionja. Alichokuwa nacho ni maneno ya mwanawe, ambaye siku moja, mwaka jana, alikaa juu ya meza ya jikoni akamhesabia kwa vidole: soya, sukari, thaumu, mafuta ya simsim, vitunguu vya majani, na tunda.

"Tunda gani?" alimuuliza.

"Fruit, Mama. Ya kulainisha nyama."

Hakuuliza tena. Aliona hakuna haja. Mwanamke yeyote aliyewahi kuchoma mishkaki kule pwani anajua tunda la kulainisha nyama ni lipi. Kwa hiyo jana alikwenda kwenye duka kubwa la Waasia akachagua papai bichi gumu, akalimenya, akalisaga pamoja na tangawizi, akaona amefanya kazi safi. Mishkaki ni madonge, hulivumilia papai. Hakufikiria kwamba nyama nyembamba ina kikomo chake.

"Achana nayo," Layla alisema. "Pilau itawatosha wote na wengine wapakie. Kwani Mungu hapokei pilau?"

"Si suala la kutosha."

"Suala la nini basi?"

Layla alikuwa anajua suala la nini. Alitaka tu lisemwe mara moja, litoke. Lakini Mwatime alizidi kukoroga, na mwenziwe akalichukua bakuli, akatia koti begani, akateremka nalo nje.

Kutoka dirisha la jikoni mtu huona uwanja wa magari na, mwisho wa uwanja, lile pipa kubwa la chuma la takataka za jengo zima. Mvua ya Machi ilikuwa inanyesha ile ya kuudhi, si nyingi wala haikomi. Mwatime alimwona Layla akiinua kifuniko kwa bega na kumimina. Alilijua tendo lile. Alishaliona mara moja, kutoka dirisha hilihili, na mtu yuleyule ndiye aliyekuwa akimwaga.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi.

Mama yake Jun alikuwa akiishi nyuma ya kanisa la Wakorea, ng'ambo ya barabara kubwa. Habib alianza kwenda huko akiwa kidato cha kwanza, akirudi kila wiki ananuka thaumu na simsim, amependeza uso. "Umekula nini?" "Nyama." "Nyama ya nani?" "Ya mama yake Jun. It's halal, Mama." Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mkorea na halali wapi na wapi? Nani alimchinjia? Na ule mvinyo wa mchele wanaotia kwenye kila kitu, nao ni halali? Habib aliapa. Mwatime akamwambia asiape kwa ajili ya tumbo lake. Mtoto akacheka, akamwambia jambo ambalo hakulisahau: kwamba yeye mwenyewe kutwa anawapakulia watu nyama ya nguruwe.

Ni kweli. Mwatime alikuwa akifanya kazi kwenye mkahawa wa chuo, upande wa sandwichi. Kila siku alipanga vile vipande vya waridi juu ya mkate, jibini juu, mkate juu, anayefuata. Lakini alivaa glavu mbili kila mkono, moja juu ya nyingine, na akitoka huzivua kwa namna ya kutogusa upande wa nje, akaosha mpaka kwenye viwiko. "Mimi naigusa na glavu," alimjibu mwanawe. "Siiweki mdomoni. Na wewe usiiweke." Akampiga marufuku kwenda kula kule. Habib akasema sawa, na kwa muda fulani harufu ya thaumu ilikoma, au pengine alianza kutafuna ubani kabla ya kuingia ndani.

Jioni moja ya Februari gari lilimgonga kwenye pembe ya kituo cha petroli. Kulikuwa na mvua, na dereva, mzee wa watu, alisema hakumwona kabisa. Hospitali daktari aliuliza mgonjwa amekula lini mara ya mwisho, maana walitaka kumpasua. Mwatime hakujua. Aliyejibu ni Jun, amesimama kwenye kona ya ukumbi analia mpaka makamasi: amekula kwetu sasa hivi, mama yangu amepika bulgogi. Hawakuwahi kumpasua.

Basi Mwatime alibaki na hilo. Wengine hubaki na neno la mwisho, yeye alibaki na chakula cha mwisho. Tangu utoto amesikia kwamba aliyekula haramu ibada yake haipandi siku arobaini, na mwanawe hakuwa na siku arobaini, hakuwa hata na usiku mmoja. Amekwenda kaburini na tonge lile tumboni. Alimuuliza sheikh, naye akamwambia amwachie Mola, amwombee mtoto, amtolee sadaka. Alimwombea. Kila sala. Na kadiri arobaini ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kushikwa na wazo hili moja: apike chakula kilekile, kwa nyama iliyochinjwa ipasavyo, watu wapate kula na kuomba, na ile ya kwanza ifutwe na hii ya pili. Hakumweleza mtu. Alijua likisemwa kwa sauti litaonekana la kitoto. Lakini ndilo lililokuwa likimwamsha asubuhi na kumvalisha nguo.

Na mama yake Jun alikuja matangani. Siku ya pili, nyumba imejaa, alisimama mlangoni na koti jeusi, ameshika kwa mikono miwili sinia ya foili iliyofunikwa. Aliinama sana, chini kabisa, mpaka wanawake wakanyamaza. Harufu iliwafikia kabla hajasema neno: thaumu, simsim. Mwatime alikuwa amekaa chini ukutani. Hakuinuka. Alimwambia Layla kwa Kiswahili, huku anatazama pembeni, "Ipokee, na usiishike kwa mkono mtupu." Layla akatafuta mfuko wa plastiki, akauvaa mkononi, akapokea. Mama Jun akatazama ule mkono wenye mfuko. Akainama tena, akaondoka.

Alipotoka tu, Mwatime alisema, "Kaitupe." Akainuka kwenda dirishani ahakikishe. Aliliona pipa, akamwona Layla akimimina, na aliliona gari dogo jeupe lililokuwa halijaondoka, wiper zinakwenda, na uso nyuma ya kioo. Yule mwanamke alikuwa amekaa garini anaona kila kitu. Mwatime alisema moyoni: aone. Nami nimeona vyangu.

Sasa Layla aliporudi na bakuli tupu, alimkuta Mwatime amevaa koti na viatu.

"Wapi tena?"

"Nyama. Ile aliyonunua mumeo imeisha yote kwenye pilau?"

"Imeisha. Mama Habib, watu watakuja hivi karibuni."

"Yule mchinjaji wa Arlington anafungua Jumapili?"

Layla alipumua. Kumzuia ni kupoteza wakati zaidi. "Columbia Pike, karibu na dobi. Anaitwa Yasir, Mmanyema wa Ujiji. Mwambie akukatie kwa mashine, usije ukakata wewe tena." Kisha, alipoona mwenziwe amefika mlangoni, "Na papai uliache kwa waliolipanda."

Duka lilikuwa dogo na baridi, lina harufu ya chuma na sabuni. Nyuma ya kioo alisimama mtu mnene wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, aproni nyeupe hadi magotini. Alijibu salamu ya Mwatime kwa ukamilifu wote, akauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za hii mvua, na hakugusa kisu mpaka alipojibiwa zote.

"Nataka ng'ombe," Mwatime alisema. "Nyembamba sana. Nyembamba ya kuona upande wa pili."

"Kama karatasi."

"Kama karatasi. Nilikata mwenyewe jana nikatia papai, imeharibika."

"Papai la nini?"

"La kulainisha."

Yasir alitikisa kichwa, si kwa dharau, kwa huruma ya mtu wa kazi. Alitoa pande la nyama nyekundu kwenye friji, akalipapasa. "Hiyo unayotaka kupika naijua. Ya Wakorea. Hawatii papai, dada. Wanatia pea, lile pea lao kubwa la duara, utadhani tofaa. Kidogo tu, linakunwa."

"Umejuaje wewe?"

"Nilikuwa na mteja." Aliwasha mashine, kipande cha kwanza kikaanguka juu ya karatasi, kimelegea. "Mama wa Kikorea. Kila Ijumaa yupo hapa, kabla sijafungua vizuri. Nyama hiyohiyo, ukataji huohuo. Mara ya kwanza aliletwa na kijana wetu mmoja, mrefu, wa huko pwani ya Kenya. Kiswahili anakielewa chote lakini akikujibu, Kiingereza. Akamwambia yule mama, duka ndilo hili, muulize mwenyewe kama anachinja."

Mashine ilikuwa inakwenda na kurudi. Mwatime aliweka mkono juu ya kioo cha friji.

"Basi akaniuliza," Yasir aliendelea. "Nikamweleza namna tunavyochinja, akasikiliza, akarudi kwao. Nikadhani yameisha. Wapi! Kila Ijumaa akija, kabla ya salamu, 'Leo halali?' Utadhani nachinja kwa zamu. Nikimwambia halali, anatabasamu, ndipo ananunua. Akaniuliza na mvinyo wao, je? Nikamwambia autoe. Ijumaa iliyofuata kaja kunipa ripoti: ametoa mvinyo, ameongeza pea na maji ya tofaa, na kijana amekula sahani tatu. Amefurahi kama amepewa cheo." Alicheka kidogo. "Nilimuuliza, mama, kwa nini usumbuke hivyo, mwanao si Mwislamu. Akasema si wangu, ni wa mtu. Mtoto wa mtu akila kwangu, lazima ale kama kwao."

Kipande kingine kikaanguka. Kingine.

"Kisha?" Mwatime aliuliza.

"Kisha Februari kaja siku isiyo ya Ijumaa. Hakuniuliza halali. Alisimama hapo hapo uliposimama wewe. Nikamuuliza, kama kawaida? Akasema kijana amekufa. Amegongwa na gari." Yasir alizima mashine ili asiseme juu ya kelele. "Inna lillahi. Akaniuliza watu wenu kwenye msiba hufanya nini, mtu aende na nini. Nikamwambia kwetu nyumba yenye msiba haipiki, majirani ndio wanaoleta chakula. Akasema basi atawapelekea kile alichokuwa anakipenda kijana. Nikamwambia hiyo ni desturi yetu hasa, umejuaje? Akasema na kwao ni hivyo. Akanunua nyama nyingi, akaondoka analia. Sijamwona tena."

Nje lori lilipita, kioo cha dirisha kikatetema.

"Sijui kama walikula," Yasir alisema. "Nimekuwa nikijiuliza. Wewe ni wa huko huko, labda ulikuwepo. Walikula?"

Mwatime aliitazama nyama. Ilikuwa imelala kwenye tabaka, karatasi katikati ya kila tabaka, imepangwa na mtu anayejali. Hofu aliyoishi nayo tangu hospitali ilimtoka yote kwa mara moja. Mwanawe alikuwa amekula halali, usiku ule na kila usiku, alikuwa amesema kweli alipoapa. Alitakiwa amshukuru Mungu na midomo ilikataa. Aliuona mkono wa Layla ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nifungie," alisema.

Yasir alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, mtandio wake, macho yake. Kisu alichokuwa ameshika alikiweka chini.

"Wewe ni nani wake, dada?"

"Mamake."

Hakusema pole. Labda aliona imechelewa, au ni ndogo. Aliikunja nyama ndani ya karatasi ya waridi, akaifunga uzi mweupe mara mbili, akaisogeza juu ya kaunta kwa mikono miwili.

Kutoka Arlington kurudi Annandale Mwatime aliendesha taratibu, kifurushi kimekaa kwenye kiti alichokuwa akikaa Habib. Alipofika kwenye kituo cha petroli, taa ilikuwa nyekundu. Kwa kawaida hapo aligeuza uso. Leo hakugeuza. Aliitazama ile pembe, ukingo wa barabara, kibanda cha simu, na jambo ambalo polisi walimwonyesha kwenye ramani na hakulielewa likaanza kueleweka. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka nyumbani kwa Jun hapiti hapa. Hapa si njiani. Basi halisimami hapa. Mtu hushuka hapa akiletwa na gari, gari ambalo haliwezi kumfikisha mpaka mlangoni kwa sababu dirishani kuna mama yake.

Mama Jun alikuwa akimleta. Kila wiki, miaka yote ile, alikuwa akimshusha kwenye pembe hii, na Habib anamalizia kwa miguu ili pasiwe na ugomvi.

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma lilipiga honi, kisha likapiga tena. Nyumbani Layla ameshapanga misahafu, watu wanavua viatu ukumbini, wanauliza mwenye msiba yuko wapi. Pilau imeiva. Akikunja kulia atafika kabla ya kisomo kuanza. Alikunja kushoto.

Nyumba ya kina Jun, nyuma ya kanisa, ilikuwa ya matofali, ndogo, ina mtungi mkubwa mweusi wa udongo karibu na ngazi na gari dogo jeupe mbele. Mwatime alikaa ndani ya gari lake wiper zikienda. Alitafuta maneno. Ya Kiingereza aliyokuwa nayo yalikuwa ya kazini: mkate gani, jibini gani, anayefuata. Alijaribu kupanga samahani na kila alipoipanga ilikuwa ndogo mno, ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwingine kwenye basi. Mwishowe alichukua kifurushi akatoka. Hakuwa na glavu wala mwavuli. Mvua iliilowesha karatasi na damu kidogo ikaanza kupenya, ikamshika vidoleni.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili.

Mama Jun alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa na mvi kwenye shina, za watu walioacha kujitazama. Hakushangaa, au mshangao ulikuwa umekwisha kwake. Nyuma yake, kwenye kibaraza cha ndani, ndala za nyumbani zilikuwa zimepangwa ukutani, ndogo za mwanamke, za kijana, na pembeni jozi moja kubwa ya buluu, ncha zake zimeelekezwa ndani, tayari kwa mtu anayeingia. Habib alikuwa na miguu mirefu. Mwatime alikuwa akilalamika kila mwaka juu ya viatu.

Alinyoosha mikono miwili na kifurushi.

Mama Jun hakukipokea. Aliitazama karatasi ya waridi. Aliutazama uzi mweupe uliozungushwa mara mbili, aliokuwa akiufungua kila Ijumaa. Kisha akaviangalia vidole vya Mwatime, vitupu, vyenye damu ya nyama na maji ya mvua.

"Mama Habib," alisema. Ndivyo kijana alivyomfundisha kumwita. Halafu, kwa Kiingereza chake cha vipande, kwa sauti ya chini, akauliza lile aliloliuliza kwenye ile kaunta wiki baada ya wiki.

"Leo halali?"

Mwatime alitaka kuitika. Kichwa kilianza kushuka na hakikurudi juu. Aliinama, akazidi kuinama, mpaka kifurushi kikamgusa magoti, na akabaki hivyo mlangoni. Alichokuwa akikiona ni sakafu tu, na maji yanayodondoka kutoka kwenye koti lake kuingia ndani ya nyumba ya watu.

Kisha aliona mkono. Mama Jun alikuwa amechuchumaa. Alizishika zile ndala kubwa za buluu, akazisogeza polepole mpaka ukutani, zisilowe. Hakumwekea mgeni ndala nyingine. Mlango hakuufunga.